Jinsi ya kusoma utafiti wa dawa za magonjwa sugu kabla hujagusa dozi yako

Kama una presha, sukari, pumu, figo au moyo, au unamuuguza mtu mwenye moja ya hayo, lazima umeshatumiwa ule ujumbe unaoanza na "utafiti mpya umegundua". Leo dawa unayomeza haifai, kesho kuna nyingine inapunguza vifo kwa asilimia kadhaa, keshokutwa zote hazina maana. Mimi nimekaa muda mrefu kwenye kazi ya kupima wagonjwa wa tafiti, yaani kuwafunga mkanda wa presha, kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, kuwauliza yale maswali ya "wiki mbili zilizopita umejisikiaje", na kinachoniuma sana ni kuona mtu anaacha dawa iliyomshikilia miaka kumi kwa sababu ya sentensi moja aliyoisoma kwenye simu. Wapo pia wa upande wa pili, wale wanaosema tafiti zote ni biashara ya makampuni ya dawa na hawataki kusikia chochote. Wote wawili wanapoteza, manake tafiti ndio zimefanya watu wengi wa sukari leo wazeeke na macho yao, ila lazima ujue kuzisoma, na kuzisoma wala hakuhitaji digrii, kunahitaji maswali machache na uvumilivu wa kutafuta majibu.

Kwanza utafute utafiti wenyewe. Habari iliyoandikwa kuhusu utafiti sio utafiti. Chukua jina la dawa na jina la ugonjwa, nenda kwenye tovuti ya PubMed, ni bure, utakuta muhtasari wa makala nyingi sana za kitabibu, na kama Kiingereza kinakusumbua uweke kwenye programu ya kutafsiri, namba hazibadiliki. Ujumbe usiotaja mwaka, wala jarida, wala idadi ya wagonjwa, na ukitafuta huoni kitu, achana nao tu. Ukikuta ulifanywa kwa panya au seli za maabara nao uweke pembeni, ni kazi muhimu kwa wanasayansi lakini haijafika kwako.

Sasa ukishaupata, swali la kwanza na kwangu mimi ndio swali kubwa kuliko yote:

Walipima nini hasa?

Mgonjwa wa ugonjwa sugu anataka vitu vichache. Asife mapema, asipate kiharusi, macho na figo zibaki, apumue vizuri, alale, apande ngazi, asishinde na maumivu. Lakini hivyo vyote vinachukua miaka kuonekana, na utafiti ni gharama, kwa hiyo mara nyingi wanapima kitu cha karibu kinachowakilisha hayo, kwa mfano sukari kwenye damu, namba ya presha, lehemu, mapigo ya moyo kwenye mashine ya ECG. Hiyo inaitwa kipimo cha kuwakilisha, na sio kosa, ila kuna siku kiwakilishi kinapendeza na mgonjwa anakufa.

Sitanii, imetokea. Miaka ya 80 madaktari walijua kwamba mtu aliyepata mshtuko wa moyo akibaki na mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio ana hatari kubwa ya kufa ghafla. Kulikuwa na dawa za kuyatuliza hayo mapigo, zikiwemo encainide na flecainide, na kwenye mashine kweli yalitulia. Nani angepinga? Wagonjwa wengi wakaandikiwa. Ndipo ukafanyika utafiti mkubwa Marekani, unaitwa CAST, wakawagawa wagonjwa karibu 1,500, nusu wapewe dawa hizo na nusu vidonge tupu visivyo na dawa ndani. Sehemu hiyo ilisimamishwa 1989 kabla ya muda wake. Kwa wastani wa miezi 10 tu, waliokuwa kwenye dawa walikufa 63, na waliokuwa kwenye vidonge tupu walikufa 26. Mashine ilikuwa inaonyesha moyo umetulia. Kila nikiusimulia huu nanyamaza kidogo, manake bila kulinganisha hakuna ambaye angejua, kila daktari angeendelea kuona mgonjwa mmoja mmoja akifa na kusema ni ule ugonjwa wake wa moyo.

Kwa hiyo ukisoma "dawa imeboresha matokeo" uliza, matokeo yapi, namba ya maabara au maisha ya mtu? Angalia kwenye muhtasari wanaposema kipimo kikuu. Utafiti mzuri unatangaza kipimo kikuu kabla haujaanza, na unaandikishwa kwenye sajili ya wazi kama ClinicalTrials.gov ambayo ipo tangu 2000, hata wewe unaweza kufungua ukaona waliahidi kupima nini. Ukikuta kipimo kikuu hakikuonyesha tofauti, halafu wanashangilia kitu kingine cha nane kwenye orodha, punguza imani. Ukipima vitu 20 kimoja kinaweza kutoka kizuri kwa bahati tu.

Alafu kuna vipimo vya jinsi mgonjwa anavyojisikia, na hapa watu wanavidharau kumbe ndio roho ya magonjwa sugu. Maumivu kwa namba 0 mpaka 10, dodoso la sonona la PHQ-9 lenye alama 0 mpaka 27, dodoso la pumu lenye maswali matano ambalo ukipata 19 kushuka chini wanasema pumu haijadhibitiwa, kutembea dakika sita kwenye korido na kupimwa umefika mita ngapi. Kitu cha kujua ni kwamba kila kipimo kina kiasi cha mabadiliko ambacho mgonjwa mwenyewe anakihisi, chini ya hapo ni namba tu. Kwenye maumivu ya muda mrefu ni kama alama 2 kati ya 10, au theluthi hivi ya maumivu aliyokuwa nayo. Kwenye kutembea dakika sita kwa watu wa mapafu ni kama mita 30. Sasa utafiti wenye watu elfu tano unaweza kukuta dawa imepunguza maumivu kwa nukta 0.4 na wakaandika "tofauti ni ya uhakika kitakwimu", na ni kweli tofauti ipo, sio bahati, lakini hakuna binadamu atakayeamka asubuhi akasema leo nimepata nafuu ya nukta 0.4. Uhakika wa kitakwimu na maana kwa mgonjwa ni vitu viwili tofauti na hii ndio sehemu wengi wanapotelea, hata waandishi wa habari za afya.

Tena hivyo vipimo vinategemea sana nani anapima na anapimaje. Kwenye lile zoezi la kutembea tuna maneno maalum ya kusema kila dakika, unasema sentensi ile ile kwa sauti ile ile, huruhusiwi kumshangilia mmoja na mwingine ukamwangalia tu, kwa sababu maneno ya kutia moyo peke yake yanaongeza mita. Nilipoanza niliona ni ukali usio na sababu, mzee anahema pale na wewe unataka kumwambia jikaze baba umebakiza kidogo, lakini ukimwambia yeye na mwenzake usimwambie umeshaharibu kipimo.

Presha ndio usiseme. Kuna utafiti maarufu unaitwa SPRINT, ulitoka 2015, watu 9,361 wenye presha na hatari kubwa ya moyo, nusu wakashushwa mpaka namba ya juu iwe chini ya 120 na nusu chini ya 140. Walioshushwa zaidi walipata matatizo ya moyo machache na vifo vichache. Baada ya hapo nikaanza kuona watu wanaitafuta 120 kwa nguvu, wanajiongezea vidonge. Ila pale presha ilipimwa mtu ameketi ametulia dakika tano, kwa mashine inayopima yenyewe mara tatu na kuchukua wastani. Wewe umepanda ngazi, mkojo umekubana, umekunja nne, unaongea na simu, mkono unaning'inia, na mkanda ni mdogo kuliko mkono wako. Kila kimoja hapo kinapandisha namba. Ile 120 ya utafiti sio hiyo yako, na ukiongeza dawa kwa namba ya haraka haraka unaweza ukaanguka bafuni. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee, pima mara mbili au tatu, andika. Hapo ndipo una kitu cha kumpelekea daktari.

Ni watu gani hao?

Utafiti unajibu swali kwa watu waliokuwemo. Huo huo wa SPRINT haukuchukua watu wa kisukari wala waliowahi kupata kiharusi. Sasa fikiria ujumbe ukizunguka kwenye kundi la watu wa sukari ukisema shusheni presha mpaka 120 kwa sababu ya SPRINT. Hawakuwemo!

Mfano mzuri zaidi ni sukari yenyewe. Utafiti wa Uingereza unaoitwa UKPDS, majibu yake yalitoka 1998, uliwachukua watu waliogundulika na kisukari aina ya pili muda huo huo, wapya. Waliobanwa zaidi washushe sukari, ile sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ikawa 7.0 dhidi ya 7.9 kwa wengine, na madhara kwenye mishipa midogo, yaani mambo kama macho na figo, yakapungua kwa robo. Safi kabisa. Watu wakasema basi tukibana zaidi tutapata zaidi. Ukafanyika ACCORD, watu 10,251 wa Marekani na Kanada, wengi wameishi na sukari miaka kama kumi na moyo tayari una shida au uko hatarini, wakatakiwa washuke chini ya 6.0. Februari 2008 wakasitisha ule ubanaji manake waliobanwa walikufa 257 na wale wa kawaida 203. Ugonjwa ule ule, kipimo kile kile, lakini mtu wa miaka 50 aliyegundulika mwezi uliopita na mtu wa miaka 68 mwenye moyo mbovu sio mgonjwa mmoja. Ukimchukua mmoja ukampa lengo la mwenzake unaweza kumuua kwa nia njema. Ndio maana daktari wako anaweza kukwambia 7.5 inakutosha wewe wakati jirani yako kliniki ameambiwa 6.5, na sio kwamba kakupuuza.

Kwa hiyo tafuta sehemu ya nani aliruhusiwa na nani alikataliwa. Soma umri, muda wa kuugua, magonjwa mengine, ujauzito, figo. Wazee wenye magonjwa matatu kwa pamoja huwa wanakatwa mapema kabisa, na ndio hao hao wamejaa kliniki.

Walilinganisha na nini?

Magonjwa sugu yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Mgongo unauma sana wiki mbili, unapoa, unarudi. Pumu hivyo hivyo. Mtu anajiunga na utafiti au anajaribu dawa mpya lini? Siku amezidiwa. Na ukipima mtu siku mbaya kuliko zote, ukimrudia mwezi ujao kuna uwezekano mkubwa utamkuta nafuu hata ungempa maji. Kwa hiyo zile habari za "wagonjwa 40 walitumia na 32 wakapata nafuu" bila kundi la pili la kulinganisha hazikwambii kitu, nasema hivi nikijua kuna watu wazuri wanazisambaza wakiwa na imani kabisa.

Kinachotakiwa ni makundi mawili yaliyogawanywa kwa kura, sio kwa daktari kuchagua nani apewe. Hii kura sio ya zamani sana, mfano unaotajwa sana ni utafiti wa streptomycin kwa kifua kikuu uliofanyika Uingereza, ulichapishwa 1948, wagonjwa 107, 55 wakapata dawa na kupumzika kitandani, 52 kupumzika tu kwa sababu dawa ilikuwa chache mno. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Kura inafanya wagonjwa wazito na wepesi wagawanyike pande zote, hata kwa vitu ambavyo hujui kuvipima. Ikiongezwa na kufichwa, mgonjwa hajui anameza nini na anayempima hajui, hapo ndio tunaamini zaidi, hasa kama kipimo ni maumivu au hisia. Kwenye kifo kufichwa sio muhimu sana, kifo hakibadiliki kwa kujua.

Angalia pia waliotoroka. Kama walianza 200 wakamaliza 120, hao 80 wako wapi? Mara nyingi walioacha ndio dawa iliwashinda, kwa hiyo ukihesabu waliobaki tu unahesabu waliofurahi. Utafiti mzuri unamhesabu kila mtu kwenye kundi alilopangiwa hata kama aliacha kumeza. Na kuacha ni kawaida, Shirika la Afya Duniani mwaka 2003 liliandika kwamba hata kwenye nchi tajiri, wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata matibabu yao sawasawa ni kama nusu tu. Nusu! Ukihesabu vidonge kwenye kopo unaelewa.

Asilimia nazo

Rudi SPRINT. Habari zilisema hatari imepungua kwa asilimia 25, na ni kweli. Sasa geuza iwe watu. Kwa muda wa miaka mitatu na kitu, kwenye kundi la kawaida waliopata tatizo la moyo, kiharusi au kufa kwa moyo walikuwa 6.8 kati ya kila 100, na walioshushwa zaidi ni 5.2 kati ya 100. Yaani inabidi watu kama 61 wabanwe kwa muda huo ili mmoja aepuke tatizo. Kwangu mimi hiyo sio ndogo, ukiwa wewe ndio huyo mmoja ni kila kitu, lakini pia lazima uweke pembeni yake kwamba kundi hilo hilo lilipata zaidi presha kushuka mno, kuzimia na figo kuumia ghafla. Ukiwa na miaka 80 unaishi peke yako na umeshaanguka mara mbili, hesabu yako ni tofauti na ya mtu wa miaka 55 anayetembea kilomita tano kila siku. Kila ukisikia asilimia imepungua uliza kutoka ngapi kwenda ngapi, kati ya watu wangapi, kwa muda gani, na walioumia ni wangapi.

Muda

Hapa nitasema kimoja tu. Wiki 12 kwa ugonjwa wa miaka 30 ni kuchungulia dirishani. Utafiti wa DCCT wa mwaka 1993, watu 1,441 wa kisukari aina ya kwanza, wastani wa miaka 6.5. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya macho kuharibika kwa asilimia 76, ila kwenye grafu mistari ya makundi mawili ilienda pamoja karibu miaka mitatu ya mwanzo kabla ya kuachana. Wangefunga mwaka wa pili wangesema hakuna faida. Na bei yake ilikuwepo, sukari kushuka vibaya kulitokea karibu mara tatu zaidi.

Sasa unafanya nini na haya yote

Usiache dawa kwanza. Hili nalisema kwa kusihi. Kuna dawa ukizikata ghafla ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe ulivyokuwa, mfano zile za moyo za kundi la beta bloka, steroidi za kumeza ulizotumia muda mrefu, na dawa za kifafa. Hata kama utafiti ni wa kweli na unakuhusu, kubadilisha kunafanywa taratibu na mtu anayekuona.

Chukua karatasi, andika nusu ukurasa tu: utafiti ni wa mwaka gani, watu wangapi, wa aina gani, walipima nini kama kipimo kikuu, kutoka ngapi kwenda ngapi kati ya 100, muda gani, madhara gani. Ukishindwa kujaza sehemu andika "sikuona", hiyo nayo ni taarifa. Pembeni andika vya kwako, umri, miaka ya kuugua, namba zako za presha au sukari za wiki mbili ulizopima vizuri, na kitu kimoja ambacho ugonjwa umekunyang'anya na unakitaka kirudi, iwe ni kulala usiku mzima au kutembea mpaka kituoni bila kusimama. Wengi wanaona aibu kuandika hicho cha mwisho wakidhani daktari anataka namba tu, lakini mimi nimekaa upande ule wa meza na nakwambia bila hicho daktari anatibu maabara.

Ukifika usimwambie "nataka dawa hii". Muulize, mgonjwa kama mimi angekubaliwa kwenye utafiti huu? Tukibadilisha tutajuaje kama imefanya kazi, tutapima nini na baada ya muda gani? HbA1c kwa mfano inaonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa hiyo kurudi wiki ya pili kuipima ni kujisumbua. Na dalili gani nikiiona nirudi siku hiyo hiyo? Daktari akiwa na haraka chagua swali la kwanza na la mwisho, mengine muombe tarehe.

Na beba mfuko wa dawa zako zote, pamoja na za mitishamba na zile za maumivu ulizonunua bila cheti, manake nimeona mara nyingi kwenye kuchuja washiriki, mtu anataja dawa tatu, tunafungua mfuko zinatoka saba, na moja kati ya hizo ndio iliyokuwa inampandisha presha.